Springi Nne Nilizoziosha

Mjukuu wangu, hivi ni kweli ulimwambia muuza spea kwamba pikipiki yako haibebi mtu mwingine?

Chakula nimekifunikia jikoni. Springi za shokapu za mbele ziko hapa mezani, jozi mbili. ~~Funga hizi za upande wa dirisha.~~ Hapana, nimekata, usifunge yoyote. Soma kwanza.

Muuza spea alizileta mwenyewe asubuhi. “Bibi, hizi laini ni za dereva peke yake. Akipakia mtu halafu ashike breki, pua ya pikipiki itainama. Ngumu ndizo za watu wawili. Mjukuu wako ameagiza laini, ila nimeleta zote achague.” Akazitia alama za chaki, akaenda zake. Mimi kuona zimejaa grisi, nikaziosha kwa sabuni, na chaki ikaenda na maji! Sasa zote zinang'aa kama sufuria mpya na sijui zipi ni zipi. Nimezipima kwa futi ya kushonea, urefu sawasawa. Nimezikandamiza kwa viganja viwili, zote zimenishinda. Kichwa kinanizunguka kama pia.

Nimemfuata dukani aje azitambue. Ataniuliza umechagua zipi, nami nitamjibu nini?

Halafu wewe, mume wangu, mwaka mzima nakufutia vumbi kile kiti cha nyuma na hujaniuliza hata siku moja kwa nini. Haya, nasema: chukua ngumu. Nataka unipakie.

Bibi yako