Nasra Kamwalika Mzee Ezra

Alkhamisi, mwezi tisa Mfungo Nne, kesho Ashura. Hapa Hayes, London, leo joto, ndege zinapita juu ya paa kama zinataka kuomba chumvi, na mimi nimefunga. Kufuturu saa tatu na nusu usiku. Hilo naliweza. Nisiyemuweza ni jirani yangu.

Namuonea wivu Myahudi wa miaka themanini.

Mzee Ezra anakaa mlango wa pili. Kazaliwa Baghdad, kashona suti London hii mpaka macho yakachoka. Mtu mwema, na tatizo ndilo hilo. Binti yangu Nasra, miaka kumi na miwili, kapewa kazi shuleni: aeleze Mayahudi na Waislamu wa Madina walivyoishi zamani. Nikajikohoza. Mimi nimetembea Muscat, Dubai, Rotterdam. Pale Edgware Road nikianza hadithi, watu wanasahau shisha zao. Nikamwambia funga ya Ashura tumeianza sisi, kabla yetu hakuna aliyeijua.

Akaenda kuhakikisha kwa Mzee Ezra.

Mzee akamwambia, kwa upole, kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wanafunga siku ile kwa kuokolewa Nabii Musa, naye akafunga, akawaamrisha na watu wake. Nikampigia ustadhi wangu Unguja anitetee. Akacheka. "Kweli hiyo, bwana. Kwani wewe miaka yote ukifunga nini?"

Nikifunga kwa sababu mama akifunga. Chuoni niliacha juzuu ya tatu. Hili sijapata kumwambia mtu.

Na Mzee Ezra kajulia wapi? Kwa jirani yao Mwislamu, kule Baghdad, akiwasimulia watoto wa mtaa mzima.

Kesho asubuhi Nasra anasimama mbele ya darasa. Kila mtoto aje na mgeni mmoja. Kanzu nilishaipiga pasi. Akaniambia kwa Kizungu chake, bila kunitazama, kuwa kamwalika Mzee Ezra.

Nimenuna kutwa nzima. Alasiri kengele ikalia: Mzee Ezra, kofia mkononi. Kasikia habari ya kanzu.

"Nenda wewe, baba Nasra," akasema. "Binti ni wako."

Nilitaka kusema ndiyo. Wallahi nilitaka.

Nikamwambia mimi shule zinanipa usingizi, aende yeye, nitampeleka kwa gari.

Kwa hiyo kesho nitavaa kanzu yangu, nitakaa garini nje ya shule. Dirisha nitaliacha wazi. Pengine sauti ya Nasra itafika.