Prosesa Niliyoitoa Kabambare

Kasongo, Jumatano. Mvua inapiga mabati tangu asubuhi. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba kama mhogo.

Jana nilikwenda Kabambare kuchukua vifaa vya kompyuta mpya ya chumba changu cha michezo ya video. Muuzaji alikuwa na prosesa mbili, yaani ubongo wa kompyuta. Nilichagua ile ndogo, yenye uwezo wa picha ndani yake, maana ile kubwa ingemaliza betri zangu za sola kabla vijana hawajamaliza mechi. Nikachukua na kadi mama, ule ubao wa kuunganishia vifaa vyote, na disko mbili za kuhifadhia: moja ndogo ya kuwekea mfumo wa kompyuta, nyingine kubwa ya kuwekea michezo.

Nilirudi kwa pikipiki ya Asani, motari anayebeba abiria mtaani kwetu. Katikati ya msitu wanaume watatu wenye bunduki wakaruka barabarani. Asani alikawia kushuka. Mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaanguka kwenye matope.

Wakamwaga mfuko wangu. Mkubwa wao akaiona ile kadi mama, na nyaya zake.

"Hii ni redio ya jeshi. Weye uko mupelelezi!"

"Hapana, papa. Iko mashini ya kucheza mupira."

Akanikanyaga mkono hadi mfupa ukalia.

Asani alijiburuta kwa tumbo, damu inamtoka, akajilaza juu yangu. "Muache huyu mama. Watoto yetu inacheza kwake."

Wakamgeukia yeye. Mateke, vitako, mateke tena. Kila pigo lilipita mwilini mwake likanifikia.

Waliacha tu waliposikia pikipiki za wachimbaji wa dhahabu kutoka Salamabila. Wakakimbia na pikipiki ya Asani, vifaa vyangu wakaviacha matopeni. Wachimbaji ndio waliotubeba.

Leo asubuhi nilikwenda hospitali. Asani hajafungua macho. Mke wake, Fatuma, alinisukuma kifuani: "Kwenda ukacheze na mashini yako!"

Basi nikarudi kuiunga ile kompyuta kwa mkono mmoja, kwa hasira. Disko kubwa ilikuwa imepasuliwa na buti. Nikaweka mfumo na michezo yote kwenye ile ndogo.

Ikawaka mara ya kwanza.

Nilichukua nyundo. Nilitaka kuipasua kama walivyompasua Asani.

Mkono ulikuwa juu pale Zaina, dada yake Asani, alipoingia amelowa chapachapa.

"Kaka ameamka. Ameuliza kama uko muzima."

Nimelia mpaka nimeishiwa sauti. Sasa natoka na mvua hii hii, narudi hospitali. Fatuma akitaka kunipiga, anipige. Nitakaa pale mlangoni mwa wodi.