Dakika ya Hamsini na Tatu

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji, na huyo mpwa wangu ambaye nasikia ameota jino la kwanza na tayari anang'ata watu. Karithi kwa mamake. Mama hakukuita Pilipili bure. Mimi ni mzima. Nyumba ya mama naifagia kila Jumamosi, na kiti chake bado kipo palepale dirishani.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama. Unasema ulimwekea mtoto diski ya sehemu ya pili ya ile katuni ambayo mama alikuwa sauti ya Bibi Kobe, ukavumilia dakika ishirini, ukazima. Unasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikubishii hata kidogo. Sehemu ya kwanza ilichorwa miaka mitatu, ikajaza kumbi za sinema. Hii ilichorwa wiki tisa, ikaenda moja kwa moja madukani. Mti uleule unapita nyuma ya kinda la bata mara sita, na bata mwenyewe anatembea miguu haigusi chini. Nyimbo ndizo usiseme. Hata sisi tulioitengeneza tulikuwa tukiitazama kwa jicho moja.

Lakini umeandika pia kwamba huyo mwanamke tuliyemtafuta amwige mama ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na kwamba mimi, mkata na mbandika sauti wa studio iliyoitengeneza, ningeona haya kumruhusu. Hapo, dada, nilikaa chini.

Hakuna aliyemwiga mama. Ni mama mwenyewe.

Wewe uliambiwa ugonjwa ulimjia ghafla. Si kweli. Koo lilianza kumsumbua miezi mitano kabla hajafariki, wakati ule mimba yako inatishia kutoka na daktari amekuamuru usinyanyuke kitandani. Mama aliniapisha nisikwambie. Ndiyo maana alikuwa akikuandikia ujumbe badala ya kupiga, akisingizia simu mbovu. Hata jina lake alikataa liandikwe mwishoni mwa filamu, usije ukaliona ukauliza. Ila kazi hakukubali kuiacha. Alisema hawezi kumwachia mgeni Bibi Kobe wake. Nilikuwa nikimpeleka studioni mwenyewe. Anakunywa maji ya moto, anasoma mistari miwili, anapumzika.

Siku ya mwisho alitakiwa kumwita yule kinda, ambaye jina lake ni Tope, arudi nyumbani kwa kuwa mto unafurika. Mama akafumba macho, akaita: Pilipili, rudi nyumbani, mwanangu. Mwongozaji akamwomba arudie. Mama akavua vipokea sauti masikioni, akasema amechoka, atarudia kesho. Kesho yake tulikuwa hospitali, na hakutoka tena.

Kazi yangu ilikuwa kulikata jina la Tope kwenye mstari mwingine na kulibandika pale. Ni kazi ya dakika tano. Niliifanya, nikasikiliza, nikaifuta. Filamu ikatoka hivyo, na watazamaji wakaandika kwamba hata jina la mhusika tumelisahau. Mkubwa wangu aliponiuliza, nilisema limenipita. Nikapewa barua ya onyo. Iko kabatini, na siionei haya.

Nisamehe, dada. Mimi nilimuaga mama. Wewe nilikunyima nafasi hiyo, na kila nikilala nalikumbuka hilo. Ukinikasirikia ni haki yako.

Nakutumia diski nyingine, maana nakujua, ile umeshaitupa. Ruka nyimbo zote. Nenda dakika ya hamsini na tatu, uwe umempakata mtoto. Filamu ni mbovu kweli, lakini mle ndani mama anakuita wewe.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu umbusu kwa tahadhari. Nangoja jibu lako, hata likiwa la matusi matupu.

Mdogo wako akupendaye,
Mkata sauti