Askofu Ndevu Ana Watani Wake

Mbagala, Jumanne

Mdogo wangu Gaspari,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaifungua hii barua. Kifua chako je, bado kinakoroma kama mashine ya kusaga? Sie huku tupo. Mwanangu ana kazi, wajukuu wanakula, mvua imeingia mpaka jikoni, tumechota maji, tumenyamaza. Anayeandika ni mkwe wangu, Mama Neema. Mie nasema, yeye anashika kalamu, kwa sababu darasa sikuliona hata mlango wake.

Uliyonieleza kwenye simu nimeyasikia. Nakujibu kwa barua kwa sababu simu inakatikakatika, na haya nataka yasomwe Jumapili kwenye kikao cha parokia, mbele ya wote, hata wale wasioipenda sauti yangu.

Umesema wageni kutoka mjini wanataka kuwafukua maaskofu wetu watatu waliozikwa hapo kanisani, wakalale kwenye kanisa kuu jipya. Kwamba jimbo letu lilishavunjwa siku nyingi likaunganishwa na la mjini, na haifai maaskofu kubaki kwenye kanisa linalovuja, ambalo sasa ni parokia tu kama parokia nyingine. Vijana nao wameapa kuyalinda makaburi kwa mapanga, na wewe mwenyekiti wa halmashauri ya parokia usingizi umekukimbia. Umeniuliza useme nini.

Kwanza hao vijana. Waambie panga ni la shamba, wakalime.

Askofu wa tatu, yule mpole mgonjwamgonjwa, ndiye ambaye jimbo lilimfia mikononi. Nakumbuka kiti chake kilivyopakiwa kwenye lori kwenda mjini. Wanawake wanalia, mie nikapaza sauti: "Kichukueni, na kunguni wake msiwasahau." Alicheka mpaka akaegemea nguzo. Hapa Mama Neema kasimamisha kalamu, ananiuliza, "Mama, na la kunguni niandike?" Nimemwambia andika, Mungu alikuwepo, alisikia.

Huyo na wa pili, yule mkali aliyekuwaga anatukataza ngoma halafu mwenyewe harusini bega linamcheza, wana ndugu zao, na ndugu wamekubali. Basi, mwenye maiti kasema.

Lakini wa kwanza, Mzungu wetu, Askofu Ndevu? Ndugu zake wako ng'ambo, hatuwajui. Hapa ana sie.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, nikueleze. Ilikuja habari kwamba mama yake kafa huko kwao. Akasoma misa, uso kama jiwe, akajifungia. Baba akasema, "Huyu analia peke yake kama mtu asiyezaliwa. Hana mtani, nani atamlisha?" Akaenda, akamvua kofia yake ya kiaskofu, akaivaa mwenyewe. "Leo askofu ni mie. Kaa chini ule, la sivyo nakufukuza jimboni." Mama nyuma yake kashika ugali wa muhogo. Mapadre wakawa wanatazamana. Ndevu alicheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akaloa ndevu, kisha akala. Tangu siku hiyo ni mtani wetu. Akipita nyumbani anabeba kuku bila kuuliza, na sie kwake hivyohivyo.

Alipokufa, kaburi tulichimba ukoo wetu. Mie, na mimba ya huyu mwanangu, nililala njiani mbele ya jeneza, nikasema hapiti mpaka nilipwe. Padre kachanganyikiwa, akanipa rozari yake. Nikainuka, wakapita.

Sasa hao wageni wameuliza halmashauri, wameuliza ndugu, watani hawakuwauliza. Si kwa ubaya. Askofu wa mjini ni mtoto wa watu, wakati ule alikuwa anajifunza kutembea, nani angemwambia? Mwambie wewe.

Na nisikilize vizuri, usije ukadhani nakataa. Kanisa linavuja kweli, na huko mjini ataombewa na watu wengi kuliko vikongwe wanne. Mie mwenyewe niliyemchimbia nimehama, niko Mbagala. Nitamshikiaje mwenzangu asihame? Lakini hatoki kimyakimya kama gunia la mkaa. Nakuja na basi. Nitalala juu ya kaburi lake, na askofu wa mjini aje mwenyewe aniombe niinuke. Nitamtania mpaka acheke au alie, vyote sawa kwangu. Akininunia tu, Ndevu habebwi. Akicheka, basi kawa ndugu wa marehemu, ajitwalie mtu wake, na majembe watashika watoto wa ukoo wetu.

Usinitumie mtu wa kuniambia nimezeeka. Najua.

Wifi yangu mkeo mpe salamu, na mkeka wangu auanike. Shangazi kule bondeni mpigie kelele sikioni kwamba nakuja, nisije nikamuua kwa mshtuko. Na mtoto wa marehemu kaka yetu, huyo mpiga kengele, mwambie siku hiyo aiache kengele yake kwanza. Ataipiga mie nikishainuka.

Ni mie dada yako wa tumbo moja,
Skolastika