Ubani wa Bibi

Sana'a, 9 Januari 1993

Mwanangu Atheer,
Salamu nyingi zikufikie wewe na Bibi. Miguu yake inaendeleaje? Sisi tumefika salama, ila mimi kichwa kinanigonga tangu siku ya kwanza. Mji huu uko juu sana milimani, na mwenye nyumba, Bi Mahbuba, ametupa chumba cha juu kabisa, ndiyo heshima ya mgeni hapa. Nikipanda ngazi pumzi zinanikatika. Nikisimama kupumzika, nasikia mtu mwingine akihema nyuma yangu. Nikigeuka, hakuna mtu. Bi Mahbuba ananicheka: "Nyinyi watu wa pwani mnapanda mlima na mapafu ya samaki!" Baba yako amekwenda Taiz kikazi, kwa hiyo niko peke yangu. Usimtishe Bibi.
Mama yako

Khuwair ya Kusini, Maskati, 14 Januari 1993

Mama mpenzi,
Shikamoo. Sisi wazima, ila miguu ya Bibi bado inavimba. Nisamehe, barua nilimsomea yote, maana alinikalia karibu. Amesema: "Hayo si maradhi ya mlima. Mna mtu ndani ya nyumba ile, na mimi nna dawa yake. Mwandikie afunge madirisha yote, mlango auzibe kwa nguo, ajaze mkaa kwenye chetezo, afukize mpaka moshi ushibe. Asitoke upesi!" Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Ubani na mkaa anakuletea jirani yetu Bwana Musallam, anasafiri kesho kuja huko. Fanya, Mama, upone. Natamani sana urudi kabla ya Ramadhani.
Mwanao, Atheer

Khuwair ya Kusini, 20 Januari 1993

Mama,
Salamu, na naomba Mungu barua hii ikukute mzima. USIFUKIZE! Leo nimemuuliza mwalimu wetu wa sayansi kuhusu maradhi yako. Amesema huko juu hewa ni nyepesi, mgeni huumwa kichwa na kukosa pumzi, dawa yake ni kupumzika, kunywa maji, na akizidiwa ateremke mlimani. Nilipomtajia mkaa kwenye chumba kilichofungwa, akaweka chaki mezani. Akasema mkaa unatoa sumu isiyo na harufu, mtu analala tu, haamki. Tumepiga simu ofisini kwa Baba, haipokelewi. Nyumba ya Bi Mahbuba haina simu. Bibi hajala tangu mchana, anashika tasbihi tu. Fungua madirisha, Mama.
Atheer wako

Sana'a, 19 Januari 1993 (imefika Maskati 27 Januari)

Mwanangu Atheer,
Wewe na Bibi hamjambo? Mimi sasa sijambo kidogo. Jana baada ya alasiri nilifanya kama Bibi alivyoagiza. Nilifunga kila kitu, nikajaza mkaa. Kichwa kikawa kizito, miguu ikakataa, nikalala chini kwenye zulia. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha leo.
Kisha ukaja wewe. Ulikuwa na sare ya shule, miguu mitupu. Ulifungua madirisha moja moja, pole pole, baridi ikaingia. Ukasema, "Mama, teremka." Nikatambaa kukufuata ngazini mpaka chini. Daktari amesema ningechelewa kidogo tu ningekufa, na angenizika Bi Mahbuba kabla nyinyi hamjasikia.
Nilidhani ni ndoto ya ugonjwa. Lakini leo Bi Mahbuba ameniuliza, tena amekasirika: "Yule binti yako wa sare ya shule hana adabu? Kanipita mlangoni jana, hata salamu!" Mwanangu, jana alasiri ulikuwa wapi?
Baba yako amerudi. Keshokutwa tunateremka Hudaida, pwani, tupate tiketi ya kurudi; niandikie huko, Posta ya Hudaida.
Mama yako

Khuwair ya Kusini, 27 Januari 1993

Mama mpenzi,
Shikamoo, na alhamdulillahi. Barua yako imefika leo. Bibi amelia, kisha amekitupa chetezo chake jaani, halafu akarudi mwenyewe kukiokota.
Siku ile alasiri nilikuwa darasa la Kurani kwa Bi Sayyida, nimekaa mstari wa mbele, viatu vyangu viko mlangoni. Watu wote waliniona. Muulize Bi Sayyida ukirudi. Wakati ule nilikuwa sijui chochote kuhusu mkaa, Mama. Nilikuwa bado naomba ufukize.
Bibi amenikataza kuandika haya, lakini naandika. Kama uliyemfuata ngazini bado yuko karibu nawe, mwambie ahsante, mimi Atheer namshukuru sana. Mpe salamu zangu.
Ila usije naye.
Mwanao