Meli ya Baba Juu ya Ghala

Migwani, Jumamosi, 14 Novemba 1981

Na nilimwachia ndugu yangu Mutua ile picha kwa sababu nilimwamini.

Ile picha ya rangi ya mafuta, yenye meli kubwa ya moshi, ndiyo kitu pekee nilichoachiwa na baba kutoka miaka yake ya kutia makaa melini. Leo nimerudi kutoka Kibwezi nikaikuta imepigiliwa misumari juu ya ghala la ndengu kama paa. Kuku wameichafua.

"Kwani ukutani ilikuwa na kazi gani, mwalimu?" Mutua akacheka. "Hiyo rangi haipitishi maji."

Mama naye akacheka. Mama!

Jioni mvua imenyesha sana. Nilisimama ghalani nikiomba ile picha ivuje, ndengu zote za Mutua zioze. Haikuvuja hata tone.