Mwenye Ngiri Ndiye Aliyemimina Chai

Kabuku, Handeni

Dada Grasiana,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua za huko Morogoro hazijakuharibia maharage. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa mmoja, naye nitakueleza.

Kikao ulichoagiza kwa simu, cha ngiri ya kitovu ya binti yangu Yusta, kilifanyika. Mjomba Dominiko alikuja kwa bodaboda kutoka Kwamsisi, shemeji Twaha akatoka Mkata. Mjomba alitaka mtoto apasuliwe wiki hiyo hiyo. Twaha akasema anywe mizizi kwanza. Walibishana hadi chai ikaisha, na Yusta, mwenye kitovu chake, akatumwa kupika nyingine.

Kauli ya mjomba ilishinda. Hospitalini Korogwe, mjomba akiwa nasi, nikaanza kumweleza daktari uamuzi wetu. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza, kisha akageuza kiti akamuuliza Yusta yeye anaonaje. Mjomba akamjibia. Daktari akamwambia kwa upole kwamba zamu ya kitovu chake ikifika, naye ataulizwa.

Yusta alisema anakubali, ila baada ya mashindano ya netiboli, kwa kuwa mfungaji ni yeye. Daktari akampima, akasema yake haina haraka, isubiri likizo. Ndipo mtoto akauliza kama ya baba nayo inaweza kusubiri.

Nilijifanya kukohoa. Nilikosea, maana kikohozi kilinikunja pale pale. Yusta akaeleza kwamba huwa najibana kiunoni kwa ile kanga uliyomletea mama yake, na kwamba anayeifua ni yeye.

Basi dada, mgonjwa ni mimi. Ngiri yangu nimeificha tangu mavuno ya mwaka juzi. Daktari ameona imeanza kubana, haifai kungoja.

Jana wazee walikaa tena, na safari hii chai nilimimina mimi. Mjomba alitaka nipasuliwe wiki hii, Twaha akarudi kwenye mizizi yake. Nikatumwa sukari. Yusta akawaomba wazee, kwa adabu zote, wamuulize mwenyewe kwanza.

Wakanigeukia. Nilisema naogopa. Kisha nikasema nakubali, mradi Yusta anisindikize hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Naye ameridhia, ila isiwe Jumamosi, ana mechi.

Msalimie shemeji na watoto. Yusta anakuamkia, na anaomba ukija umletee mama yake kanga nyingine.

Mdogo wako,
Mathias